Kaole, Bagamoyo: picha ya Unguja inapotea kila siku kwa saa tofauti. Tatizo ni antena ya rimu?

Mkwaju wa Kaole:

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya antena, maana mafundi wa hapa wamenizungusha mpaka nimechoka.

Niko Kaole, Bagamoyo. Nyumba ya bati, si mbali na pwani, mbele yangu kuna minazi michache halafu bahari. Vituo vya Dar navipata bila shida. Shida yangu ni Unguja. Mama mkwe tunaishi naye hapa, kwao ni Mkunazini, na bila ZBC, televisheni ya Zanzibar, kwake siku haijaisha. Anataka habari za nyumbani, taarabu, na ikifika Januari Kombe la Mapinduzi hakuna mtu kugusa rimoti. Kwa hiyo kuna antena ya pili juu ya paa, imeelekezwa baharini, yenye king'amuzi chake.

Antena yenyewe niliikuta, aliyeniuzia nyumba aliiacha. Ni rimu ya baiskeli ya Phoenix, katikati zimepitishwa fimbo mbili za alumini, nyuma vimefungwa vifuniko viwili vya sufuria, vyote vimesimamishwa kwenye boriti la mkoko. Wapita njia huwa wanasimama kuipiga picha. Waya unaoshuka ni wa umeme, ule pacha mweupe, mpaka dirishani. Pale umeungwa na waya mweusi wa antena unaoingia ndani.

Sasa kinachonishangaza. Ikikubali inakubali kabisa, picha safi. Halafu inaanza kuganda, inakatika vipande vipande, mwisho inaandika hakuna mawimbi. Saa mbili tatu baadaye inarudi yenyewe bila mtu kuigusa. Na haina muda maalumu. Mwezi ulipokuwa mpevu ilikuwa inapotea saa kumi jioni. Kesho yake ikawa karibu saa kumi na moja, siku iliyofuata ikasogea tena mbele, mpaka ikaangukia saa mbili usiku kwenye taarifa ya habari, nyumba nzima kelele. Baada ya hapo kuna siku zikapita haikupotea kabisa.

Fundi wa kwanza kasema king'amuzi kinapata moto. Wa pili kaniuzia busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, nimeiweka nyuma ya TV, hali ileile. Jirani anasema ni boti za Azam zinapita. Nifanye nini?

Dogo Elekta:

Mkuu hiyo antena ni ya zamani, ongeza vifuniko viwe vinne, chuma kikizidi mawimbi yanazidi. Na tafuta busta kubwa zaidi, hizo ndogo hazina kitu. Ikishindikana weka dishi.

Fundi Mlingoti:

Mdogo wangu Mkwaju, nimesoma maelezo yako mara mbili, na ulichoandika kuhusu saa ndilo jibu lenyewe. Kitu kinachochelewa kwa dakika kama hamsini kila siku, kikaanza saa kumi jioni mwezi ukiwa mpevu, huku Pwani ni kimoja tu, nacho ni maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwetu bahari hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, mvuvi yeyote wa hapo atakuthibitishia. Amka siku moja alfajiri ya bamvua uwashe TV. Utakuta picha haipo pia, ila nyote huwa mmelala. Na zile siku ambazo haikupotea kabisa, tazama, zitakuwa za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana.

Kwa hiyo king'amuzi hakina kosa, na boti hazina kosa. Usitoe hela nyingine mpaka umalize kusoma hapa.

Mimi nimefunga antena ukanda huu tangu Bara hakuna televisheni. Zanzibar walianza 1974, tena ya rangi, sisi huku ikawa mpaka 1994 ndipo vituo vya Dar vikafunguliwa. Miaka yote ya katikati, aliyekuwa na seti Dar au Bagamoyo alikuwa anatazama Unguja, na kuipata ilikuwa kazi ya watu watatu: mmoja juu ya paa anageuza, mmoja uani anapokea maneno, mmoja sebuleni macho kwenye kioo. Mianzi miwili iliyoungwa kwa kamba ndiyo mlingoti. Juu yake utakuta mabomba ya pazia, sinia, rimu, nimeona hata fito za mwavuli. Wakati ule wa analojia maji yakijaa chenga ziliongezeka, sauti ikabaki, watu wakaendelea kutazama bila kujiuliza. Digitali haina chenga. Mawimbi yakitosha unapata picha kamili, yakishuka chini ya kiwango chake picha inaganda, halafu giza. Dar walizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na tangu hapo ndipo watu wa pwani wakaanza kuniletea malalamiko ya aina yako. Bahari haijabadilika. Kilichobadilika ni king'amuzi kutokukubali nusu nusu.

Nieleze maji yanahusikaje. Kutoka Kaole mpaka Unguja Mjini ni kilomita arobaini na kitu, karibu zote ni bahari. Mawimbi yanakufikia kwa njia mbili. Moja inatoka mnarani moja kwa moja mpaka kwako. Nyingine inapiga uso wa maji kilomita kadhaa mbele ya pwani yako, inadunda, ndipo inafika kwenye antena. Maji ya chumvi yanarudisha mawimbi vizuri sana, na yakidundia pembe ya chini namna hiyo yanarudi yamepinduka, palipokuwa pa juu panakuwa pa chini. Yakikutana na yale ya moja kwa moja yanauana. Kinachokuokoa ni kwamba njia ile ya kudunda ni ndefu kidogo kuliko nyingine, nazungumzia sentimita chache tu, kwa hiyo hayauani yote. Sentimita hizo zinatokana na kimo cha antena yako juu ya maji. Sisemi juu ya ardhi, nasema juu ya maji.

Sasa piga hesabu. Bamvua hapa kwetu, kati ya kupwa na kujaa, ni zaidi ya mita tatu, na yale makubwa yanakaribia nne. Boriti la mkoko juu ya nyumba ya kawaida, nakadiria antena yako iko mita sita au saba kutoka chini, na Kaole yenyewe haijainuka sana. Maji yakijaa, ni sawasawa na mtu kupanda paani akakushushia mlingoti mita tatu. Yakipwa, ameupandisha tena. Hiyo ndiyo picha yako inayoondoka na kurudi bila kuguswa.

Dawa ya kwanza basi ni kimo. Kwenye njia ya kuvuka maji namna hii, ukipandisha antena mara mbili ya kimo chake nguvu inayoingia inaweza kuongezeka hata mara nne. Hakuna busta itakayokupa hicho kwa usafi ule. Isitoshe dunia imepinda. Ukiwa mita saba juu ya maji, upeo wa antena yako ni kama kilomita kumi na moja, kilichobaki chote unategemea urefu wa mnara wa ng'ambo. Ukifika mita kumi na tano upeo unakuwa kilomita kumi na sita hivi.

Watu watakwambia uinamishe antena itazame juu ili isione maji. Usipoteze muda. Pembe kati ya njia hizo mbili haifiki hata digrii moja, hakuna antena ya nyumbani inayoweza kuzitenganisha.

Tuje kwenye rimu. Aliyeitengeneza siwezi kumbeza, alitumia akili kwa vitu alivyokuwa navyo na kwa wakati wake ilifaa. Rimu ya Phoenix ya inchi 28 ina mzunguko wa kama mita mbili. Kwenye VHF, masafa ya chini ya televisheni, megahezi 174 mpaka 230, wimbi moja lina urefu wa mita 1.3 mpaka 1.7. Rimu ilikuwa inakaribiana nalo, ndiyo maana ilinasa. Digitali ya leo iko UHF, masafa ya juu zaidi, kuanzia megahezi 470 mpaka karibu 700. Kwenye 600 wimbi ni nusu mita. Rimu hiyohiyo sasa imebeba mawimbi manne kwa mzunguko mmoja, inasikiliza pande nyingi, hakuna upande inaoukazia. Na zile fimbo mbili, kwa 600 zote pamoja hazitakiwi kuzidi sentimita 24, yaani kila moja kama 12. Nina hakika zako ni ndefu kuliko hapo.

Ndugu yangu Elekta, hilo la kuongeza vifuniko hapana, nalisema kwa nia njema kwa sababu kuna watu watapanda paani kwa maneno yako. Kifuniko kinafanya kazi kikiwa kimoja, nyuma ya fimbo, umbali wa robo ya wimbi, yaani sentimita 12 hivi, bila kuzigusa, na kiwe kipana kuzidi fimbo. Hapo kinarudisha mbele mawimbi yaliyokuwa yanapita. Kikiwa pembeni au kimegusana na fimbo ni mzigo tu. Vinne juu ya boriti moja, upepo wa kusi ukianza Aprili utaviokota uani.

Kinachoniuma kuliko vyote ni huo waya pacha. Wa umeme si wa antena. UHF ikipita humo inavuja njia nzima, na pale ulipoungwa na waya mweusi sehemu ya kilichofika inarudi kilikotoka. Fanya hivi leo, kabla ya kununua chochote: fungua tepu kwenye ule muungo wa dirishani, kata kidole kimoja cha waya, umenye, utazame shaba. Ikiwa nyekundu inayong'aa, sawa. Ikiwa nyeusi, au ina unga wa kijani, chumvi imeshaingia na unaweza kuta imepanda mita nzima ndani ya plastiki. Nimeshamenya waya wa huko pwani, shaba ikasagika mkononi ikabaki vumbi, na mwenye nyumba alikuwa amenunua TV mpya akidhani ya zamani imekufa.

Ukiwa tayari kurekebisha, tafuta antena ya UHF yenye fimbo nyingi zilizopangwa mstari mmoja, ile inayofanana na mifupa ya samaki. Wajapani Uda na Yagi waliitangaza 1926 na mpaka leo hakuna iliyoipita kwa bei yake. Iwe ndefu, ya alumini, si ile ya chuma iliyopakwa rangi ya fedha, hiyo kwa chumvi ya Kaole haimalizi masika mawili. Fimbo zilale au zisimame kulingana na mnara unavyotuma. Jaribu zote mbili maji yakiwa yamepwa, utaona ubora unapanda upande mmoja. Waya uwe RG6, ule mnene wa antena, wa kipande kimoja kutoka juu mpaka kwenye king'amuzi, usiungwe njiani. Kabla haujaingia dirishani uache uning'inie kidogo chini halafu upande, ili mvua idondokee pale badala ya kuufuata ndani.

Busta uliyonayo, ikiwa ni ya ndani, iondoe. Nyuma ya TV inakuza mawimbi ambayo yameshachoka pamoja na uchafu wote yaliouokota. Inayofaa inafungwa juu mlingotini, karibu na antena, na umeme wake unapanda kwa waya uleule wa RG6. Lakini jaribu kwanza bila hiyo.

Na mlingoti usisimamishwe mahali ambapo ukianguka unaweza kugusa waya za umeme za barabarani. Hilo ni la kufa na kupona. Watu wamepotea hivyo.

Mkwaju wa Kaole:

Shikamoo mzee wangu. Aisee nimesoma mpaka mwisho, nikashuka pwani jioni ileile kuwauliza wazee wa ngalawa. Nimewatajia siku na saa zilizopotea picha, kila niliyoitaja wanajibu "hapo maji yamejaa". Mama mkwe ndiye kashangilia kuliko mimi, anasema kwao Unguja marehemu mumewe alikuwa analalamika hivyohivyo kuhusu vituo vya Dar na hakuna aliyemwamini.

Muungo wa dirishani nimeufungua. Kijani tupu. Nimekata mara ya pili, ya tatu, bado kijani.

Maswali mawili. Bomba la maji la inchi moja na nusu linatosha kwa mlingoti wa mita kumi na mbili? Na minazi iliyo mbele, niikate?

Binti Suhar:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nipo Suhar, Oman, wazee wetu wametoka Unguja. Nimeipenda mada hii kwani inanikumbusha baba, alikuwa na antena mbili ndefu juu ya dari ya nyumba. Wakati wa joto kali, Juni na Julai, usiku tulikuwa tukipata vituo vya Irani wazi kabisa, na baridi ikija havionekani. Je na hayo ni maji kujaa na kupwa?

Fundi Mlingoti:

Marahaba Mkwaju. Waalaykum salaam Binti Suhar, nafurahi kukuona.

Ya kwenu ni hewa, dada yangu. Ghuba ina sifa hiyo duniani kote. Wakati wa joto, hewa kavu ya moto inatoka jangwani na kulala juu ya hewa ya bahari iliyo na unyevu na baridi kuliko yenyewe. Mawimbi ya televisheni yakiingia hapo katikati hayapandi tena kwenda zake angani, yanakunjwa chini na kuufuata mpindo wa dunia mamia ya kilomita. Baba yako hakuwa na antena ya ajabu, ingawa naamini alikuwa mtu mwangalifu, kwa sababu wengi wanapata vituo hivyo kwa bahati bila kujua ni msimu. Upande wa Mkwaju si hilo. Hewa haina ratiba ya kuchelewa dakika hamsini kila siku.

Mkwaju, minazi iache. Mnazi mkavu hausumbui sana, makuti yakilowa mvua ndiyo yanameza UHF. Ukifika mita kumi na mbili utakuwa juu ya sehemu kubwa ya makuti, au sogeza mlingoti upande wa uwazi kati ya mnazi na mnazi. Kwa miaka mnazi unakulipa kuliko televisheni.

Bomba la inchi moja na nusu kwa mita kumi na mbili peke yake litayumba. Chukua la inchi mbili kwa nusu ya chini, la moja na nusu uliingize ndani yake kwa juu, lipishane mita moja nzima na bolti mbili. Chini chimba shimo, weka zege. Waya za kushikilia ziwe tatu kila ngazi, ngazi mbili, moja katikati na moja karibu na juu, zifungwe kwenye vigingi vya ardhini, zisifungwe kwenye kenchi za paa. Halafu kutoka mguu wa bomba pitisha waya mnene wa shaba mpaka kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, kwa ajili ya radi za masika.

Mkwaju wa Kaole:

Wakuu narudi na majibu. Mlingoti umesimama, mafundi wa kuchomelea wa Magomeni ya hapa Bagamoyo walinisaidia. Antena ya UHF ndefu, fimbo zimelala, RG6 moja kwa moja. Busta nimeitoa.

Maji mafu yote picha haikutikisika hata mara moja. Bamvua lililofuata nikakaa na daftari mbele ya king'amuzi, kwenye ule ukurasa wa nguvu na ubora. Maji yakiwa yamepwa ubora unasoma 80 na kitu. Yakijaa kabisa ulishuka mpaka 50 hivi, picha ikabaki. Jioni ya bamvua kubwa ndiyo iliganda kidogo, kama nusu saa, ikarudi. Mama mkwe kaniambia niache hapohapo nisiguse kitu.

Rimu nimeiweka stoo, kuna kijana ana Phoenix ya baba yake anaihitaji.

Fundi Mlingoti:

Hongera sana. Kutoka 80 mpaka 50 ndiyo bahari yenyewe umeiona kwa macho.

Hiyo nusu saa iliyobaki inaweza kuondoka. Sasa ndipo busta ya mlingotini ina maana, kwa sababu waya wako ni safi na kinachokuja ni cha kweli. Nunua ndogo, yenye kelele kidogo, yaani isiyoongeza uchafu mwingi kwenye mawimbi, usikubali anayekuuzia kwa ukubwa wa namba. Ifunge chini ya antena, mdomo wake utazame chini, konekta zote uzizungushie tepu ya mpira kabla ya tepu nyeusi ya kawaida. Ukiiwasha, kagua na vituo vya Dar kwenye king'amuzi kile kingine. Vikianza kuganda ujue imezidi na inasumbua, ipunguze.

Waya za kushikilia mlingoti zikaze upya kusi likishaanza. Kila mwaka kabla ya masika panda na brashi ya waya, sugua kutu kwenye bolti, paka grisi. Na ule muungo wa konekta ya juu, ufungue uutazame shaba.

Dogo Elekta:

Fundi nimejifunza, asante. Niko Mbegani, na mimi napata shida hiyohiyo ya Unguja kila bamvua. Hizo antena ndefu za alumini Bagamoyo zinapatikana wapi, au mpaka Kariakoo?

Mkwaju wa Kaole:

Mimi nilifuata Kariakoo mkuu, za hapa nilizoziona zote ni za chuma. Nenda na sumaku mfukoni, ikinasa usinunue.